Liberatus Kalinga, Mpiga Ngoma Asiyetaka Kutazamwa

Jumamosi hii, tarehe 29 Novemba 1958, Bwana Liberatus Kalinga anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya malori hapa Iringa kwa miaka ishirini na sita. Siku hiyohiyo anaachia pia vijiti vya ngoma vya bendi yetu, Karakana Jazz, alivyovishika tangu bendi ilipoundwa mwaka 1947, ukiondoa mwaka mmoja nitakaoueleza hapa chini. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mpiga tarumbeta, kazi ya kuandika habari zake. Nadhani ni kwa sababu nimekaa mbele yake miaka yote hiyo, na masikio yangu yanamjua kuliko macho ya watu wengi.

Bwana Kalinga ni mzaliwa wa Tosamaganga. Aliajiriwa mwaka 1932 akiwa fundi wa maturubai, na hadi leo hajawahi kuomba kazi nyingine. Mpunga wote tunaoutoa Rujewa na Ubaruku husafiri chini ya turubai lililopita kwenye sindano yake. Haraka hana. Mpelekee turubai lililochanika, dereva anapiga honi nje, injini inanguruma, yeye atalikunjua lote sakafuni, atalizunguka, atatafuta miwani yake, ndipo aanze kutunga uzi. Madereva wamemlalamikia sana, lakini sijasikia aliyelowanishiwa mzigo.

Kwenye bendi alichaguliwa kwa sababu moja tu: alijua ngozi. Ukungu wa milimani huku kwetu huilegeza ngozi ya ngoma mpaka ikatoa sauti ya blanketi lililoloa, na yeye peke yake ndiye aliyeweza kuipasha kwenye jiko la mkaa bila kuichoma. Tulimpa kiti cha mpiga ngoma kwa muda, atutunzie vyombo mpaka tumpate mpigaji wa kweli. Hatukumpata, kwa kuwa baada ya dansi la kwanza hakuna aliyekumbuka kumtafuta.

Alikalia kasha la spea, mgongo wima, viwiko karibu na mbavu, akapiga kile kilichohitajika na si zaidi. Mimi jambo hilo liliniudhi, na sioni kwa nini nilifiche siku ya sherehe. Mpiga tarumbeta anapomaliza kipande chake kirefu anapenda ngoma impokee kwa kishindo, ukumbi mzima ujue kwamba kuna jambo limetokea. Kwa Bwana Kalinga hulipati hilo. Namaliza, jasho linanitiririka, mishipa ya shingo imenisimama, naye anaendelea tu kana kwamba nimepiga chafya. Siku moja nikamuuliza ana ugomvi gani na mimi.

"Saulo, wewe umemaliza," akaniambia. "Wanaocheza hawajamaliza."

Basi, nikafunga tarumbeta langu kwenye kasha lake, tukaenda kunywa chai.

Matokeo ya upigaji huo tuliyaona vizuri Rujewa, wakati wa mavuno. Tulipiga uwanjani mchana, na nyuma yetu Wasangu walikuwa wamepumzisha ng'ombe wao. Watu walicheza mpaka vumbi likafika magotini, na ng'ombe wakalala chini wakicheua, wametulia. Mwaka uliofuata tulikwenda palepale na mpigaji mwingine. Alipogonga matoazi mara ya kwanza ng'ombe wote walikimbilia kwenye mashamba ya mpunga, wenye ng'ombe wakawafuata, wenye mpunga wakawafuata wenye ng'ombe, na bendi ikabaki inawapigia kuku.

Mpigaji huyo mwingine ni Asukile, ambaye nyote mnamfahamu. Alihamia kwetu mwaka 1954 kutoka tawi letu la Mbeya, na kabla ya hapo alikuwa kwenye migodi ya shaba ya Kopabelti, ambako aliona bendi za kila namna. Alikuja na glavu nyeupe na miwani ya jua, ambayo aliivaa hata ndani ya ukumbi. Alirusha vijiti juu akavidaka. Alipigia nyuma ya mgongo. Alipiga magoti akapiga ngoma, sakafu, mguu wa kiti na mara moja kiatu cha bwana mmoja aliyesimama karibu. Ukumbi ulijaa, na watu walitoka mpaka Mufindi kuja kumwona. Lazima niseme kweli: alikuwa anafurahisha, na hata mimi nilikuwa namgeukia nikasahau zamu yangu.

Kamati ya bendi ya wakati huo ikakaa, ikaamua Asukile apewe ngoma na Bwana Kalinga apewe manyanga ya kutikisa. Leo ukiuliza nani alikuwa kwenye kamati hiyo humpati hata mmoja.  Bwana Kalinga alimkabidhi kijana vijiti, akamwonyesha namna ya kupasha ngozi, akachukua manyanga yake na kusimama pembeni. Mkewe, Mama Severina, ndiye aliyetuambia baadaye kwamba nyumbani hali ilikuwa nyingine. Mzee alikuwa haimbi tena anaposhona, na alikuwa amesema kwamba akishamwoza binti yake Apolonia ataiacha bendi kabisa.

Msidhani alikuwa malaika. Aliona wivu kama mtu mwingine yeyote. Jioni moja mwezi wa Julai alirudi nyumbani pua imevimba.

"Baba Apolonia, pua imefanyaje?" Mama Severina akamuuliza.

"Nimejigonga mlangoni."

Mama Severina alijua anakoshinda mumewe. Stoo ya maturubai haina mlango, ina pazia, na pazia lenyewe alilishona yeye Bwana Kalinga. Ikajulikana kwamba alikuwa amejificha huko ndani akijifunza kurusha vijiti. Kimoja kilirudi vizuri, kingine kikarudi kilivyotaka.

Harusi ya Apolonia ilifanyika Agosti 1955, kwenye ghala letu la Nyololo, ambako bwana arusi alikuwa msimamizi wa mafuta. Bwana Kalinga siku hiyo hakuwa mpiga manyanga. Alikuwa baba mzazi, ameketi meza ya mbele na koti la kuazima lililombana makwapani. Bendi ilikuwa yetu, na kwenye ngoma alikaa Asukile, aliyekuwa ameapa kumheshimu mzee kwa kupiga kuliko alivyowahi kupiga.

Akatimiza. Wageni walitakiwa kupanga mistari miwili, maharusi wapite katikati, polepole, kama ilivyo desturi. Tukaanza wimbo. Asukile akarusha vijiti mpaka karibu na mabati, akavidaka, akazunguka, akarusha tena. Mistari ikavunjika. Watoto walitangulia, vijana wakafuata, halafu shangazi, halafu wazee waliokuja na mikongojo, wote wakaja kutuzunguka sisi. Kutoka jukwaani mimi peke yangu ndimi niliyeweza kuuona mlango, kwa kuwa nilikuwa nimesimama juu ya kreti. Maharusi walikuwa wamefika. Walisimama kizingitini, Apolonia na shela yake na maua yake, na mbele yao ghala zima likiwa limewapa mgongo. Alijaribu kutabasamu. Kisha akamtazama mumewe, akainamisha kichwa, na nikajua kwamba analia.

Nilitoa tarumbeta mdomoni.  Bwana Kalinga naye aliona, akainuka.

Nilidhani anakuja kumnyang'anya Asukile vijiti, na wallahi ningemsaidia. Hakuja kwetu. Alipita kando ya ukuta, taratibu, kwa mwendo wake uleule wa kutafuta miwani, akaenda kusimama nyuma ya binti yake. Akaanza kupiga makofi. Hakuyapiga kwa nguvu. Yalikuwa makofi ya mtu anayembembeleza mtoto, sawasawa na hatua ya miguu. Sijui alimwambia nini Apolonia, ila nilimwona anainua kichwa. Wakaanza kutembea wakiwa watatu, katikati ya ghala tupu.

Bibi mmoja aliyekuwa nyuma kabisa ya kundi alisikia, akageuka, akapiga kigelegele. Aliyekuwa mbele yake akageuka. Makofi yakaja kutoka huku na kule, yote kwa mwendo wa Bwana Kalinga, mistari ikarudi yenyewe, na mwisho jukwaani tukabaki na Asukile na vijiti vyake hewani. Alivua miwani. Hapo ndipo alipomwona bibi arusi kwa mara ya kwanza. Nampenda kijana huyu kwa alichokifanya baadaye: alivua na glavu, akaweka vijiti chini, akaanza kuigonga ngoma kubwa kwa kiganja, taratibu, akifuata makofi ya mzee. Apolonia alifika meza ya mbele anacheka, na machozi bado yako mashavuni. Mimi nilipiga noti tatu tu mwendo mzima, na ni katika noti ninazojivunia.

Jumatatu yake Asukile alikwenda stoo ya maturubai kurudisha vijiti. Alisema "Ndaga, tata", yaani asante, baba, kwa Kinyakyusa, kisha akasema kwa Kiswahili kwamba alikuwa hajui kama mtu anaweza kupiga vizuri kiasi kile akaharibu. Bwana Kalinga aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono. Akamjibu kwamba atarudi kwenye ngoma, lakini kwa sharti moja: kila dansi, wimbo mmoja uwe wa Asukile, arushe anavyotaka, watu wapumzishe miguu na wafurahishe macho.

"Wakikutazama, wameacha kucheza," akamwambia. "Si vibaya. Ila wasiache siku nzima."

Tangu siku hiyo ndivyo dansi zetu zinavyokwenda, Iringa, Mbeya na kote tunakoitwa. Ule wimbo wa Asukile watu wanauita Wimbo wa Glavu, na wanaungojea. Ukiisha, Bwana Kalinga hurudi kwenye kasha lake la spea, na ukumbi wote hurudi kucheza bila kuona kwamba amerudi. Kuanzia Jumapili kiti kitakuwa cha Asukile, na mzee mwenyewe ndiye aliyempendekeza.

Sasa kuhusu sherehe. Kamati iliomba Bwana Kalinga apige peke yake kwa kumalizia, wote wamtazame angalau mara moja. Amekataa, na kamati inayotaka kubishana naye inajua stoo iliko. Badala yake ameomba kitu ambacho hatukuwahi kukifikiria. Tangu bendi hii ianze, Mama Severina amekuja kwenye dansi zetu karibu zote, ameketi kwenye benchi la ukutani, na hajawahi kucheza na mumewe, maana mumewe ndiye aliyekuwa akiwachezesha wengine. Wimbo wa mwisho Jumamosi, ambao ni waltz ya kucheza wawiliwawili, Asukile atapiga bila glavu, na Bwana Kalinga atashuka jukwaani.

Mama Severina ameshanunua viatu. Yeye mzee, wiki nzima hii stoo ya maturubai imekuwa ikitoa vishindo vya ajabu, na juzi alitoka anachechemea. Akasema amejigonga mlangoni.

Bwana Kalinga, karakana inakushukuru kwa kila mzigo uliofika mkavu. Bendi inakushukuru kwa kutupigia wakati tukidhani tunajipigia wenyewe, na mimi nimekusamehe vile vishindo ulivyoninyima. Tunawaombea wewe na Mama Severina afya, shamba lenye rutuba huko Tosamaganga, na wajukuu wenye kelele.

Kwa wageni wote nina ombi moja. Wimbo wa mwisho ukianza, msisimame kuwatazama. Kila mtu amshike wake, acheze. Mzee akiinua macho akaona migongo yetu, atajua tunamuaga.

Saulo, mpiga tarumbeta