Minyoo ya Mke Wangu

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya karakana ya magodoro. Tunaokaa hapo ni mimi, Fundi Godoro mwenye karakana, na kinyozi tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Kando ya benchi kuna lundo la usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi za kujazia magodoro, mabaki ya kazi ya Fundi, tunaloliozesha liwe mbolea. Jumapili nilimwaga humo minyoo aliowafuga marehemu mke wangu kwenye ndoo. Ndio viumbe hai pekee alioniachia. Leo asubuhi tumefukua juu, hatukuona hata mmoja.

— Wameibwa, Mzee, alisema Redio. Wavuvi hao, wanatafuta chambo.

— Mvuvi gani wa mtaa huu? aliuliza Fundi.

— Basi wamekufa kwa uzee. Huoni nyuzi nyeupe zimetapakaa? Mvi zao zile!

— Mvi? Mnyoo hana hata kichwa!

— Ndiyo maana zimedondoka. Zitashika wapi?

— Mimi nasema wamesusa. Shemeji aliwazoesha maganda ya ndizi, leo wanapewa godoro. Wewe ungekula godoro?

— Likitiwa mchuzi, nakula.

Nilicheka, lakini nikaweka kikombe changu cha kahawa chini. Nilihofu nimewaua.

Hapo akafika mama mmoja mkulima wa uyoga, aliyekuja kuchukua godoro lake.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu.

Tukamweleza. Akalitazama lundo.

— Huo weupe ni kuvu, ndugu wa uyoga wangu. Ndio unaotafuna nyuzi ngumu za usumba. Nani kati yenu ametia mkono mpaka katikati?

Redio akachungulia kikombe chake.

Yule mama akatia mkono wake, akauchomoa mbio.

— Panaunguza! Lundo bichi huchemka. Minyoo huingia mwisho, pakishapoa.

— Kwa hiyo nimewapika, nilisema.

Yule mama aliinua gunia lililolowa tulilofunikia ukingo wa lundo, pembeni kabisa, chini. Nikapiga magoti nione. Walikuwa hapo penye ubaridi, wamesongamana, wekundu, wanene, na vitoto vyembamba kama uzi.

— Kumbe wamehama tu! Wako wangapi, baba?

Redio akaanza kuhesabu. Alipofika kumi na tisa, Fundi akadai mmoja amehesabiwa mara mbili, wakaanza upya, wakagombana tena. Mimi sikuhesabu. Magoti yalikuwa chini tayari, basi nikamshukuru Mungu palepale.