Donatus Maduhu na Taa Iliyowaka Bila Umeme

Ndugu waombolezaji, wakubwa shikamooni. Wadogo mtaniamkia baadaye, sasa hivi nina kazi. Ninachotaka kuwasomea hamtakiamini, na mimi sijali, kwa sababu nilikuwepo na ninyi hamkuwepo. Naitwa Ignas. Ni kaka yake mjane, shemeji wa marehemu, mjomba wa watoto wake, na kwa mila zetu shemeji anaruhusiwa kumtania mwenzake hata akiwa amelala ndani ya sanduku. Padri ameniomba nisizidishe. Nimemwahidi. Padri bado hajanizoea.

Marehemu Donatus Maduhu alizaliwa tarehe 7 Machi 1949 katika kijiji cha Didia, Shinyanga Vijijini. Alikuwa mtoto pekee aliyebaki kwa mzee Maduhu na Mama Limi. Waliomtangulia walifariki wachanga. Kwa hiyo mama yake alimbeba mgongoni kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alimbeba mpaka miguu ya mtoto ikawa inachora mistari barabarani.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Didia kuanzia mwaka 1957, akamaliza darasa la nane mwaka 1964. Mimi niliishia la sita, mwalimu alipoona sina tena cha kujifunza kwake. Marehemu akiwa darasa la tatu alifungua tochi ya baba yake ili aone mwanga unakwenda wapi ukizimwa. Hakuuona. Alichapwa. Mwaka 1965 alikwenda Mwanza kusomea ufundi wa umeme, akapata cheti mwaka 1967.

Mwaka 1968 aliajiriwa mgodini Mwadui kama fundi umeme, akakaa huko miaka mingi. Tarehe 23 Juni 1973 alifunga ndoa takatifu na dada yangu Scolastika. Alipokuja kuposa aliongea maneno machache mno hivi kwamba baba yetu aliuliza kama kijana ana ugonjwa wa koo. Nikamjibu, "Hapana baba, ana akili, ndiyo maana anamtaka dada na si mimi." Mungu aliwajalia watoto watatu: Agnetha, Valerian na Kabula.

Mwaka 1994 marehemu alihamia upande wa Geita, katika kijiji cha Isengwa, ambako kampuni moja ilikuwa inatafuta dhahabu. Malori yake ya mawe yalikata barabara ya kijiji, kwa hiyo marehemu alisimamisha nguzo pale njia panda na kufunga taa moja nyekundu iliyotazama magharibi. Mlinzi alibonyeza swichi lori lilipokaribia. Ikiwaka, simama. Ikizimika, pita. Umeme ulitoka kwenye jenereta la kampuni, na Jumapili jenereta halikuwashwa.

Mwaka uliofuata mzee Maduhu alifariki, na marehemu akamchukua mama yake wakaishi pamoja; mimi nilikuwa nimekwisha kuhamia jirani nao. Mama Limi hakuweza kukaa bure. Kila jioni aliweka kigoda chake chini ya ile nguzo akauza karanga. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya kila mama wa huku aliyepikia kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini katika nyumba isiyo na dirisha. Ninyi nyote mnajua macho mekundu ya kikongwe yameleta nini katika mkoa wetu: huitwa mchawi, akauawa. Hapa wamo waliozika.

Mwanzoni mwa Septemba 1996 watu walianza kusema kwamba taa inawaka jioni wakati hakuna lori. Mtu anafika, anaona nyekundu, anashuka kwenye baiskeli, anasubiri. Barabara tupu. Vumbi limetulia. Taa inamtazama. Anasubiri mpaka anachoka, anavuka, na nyuma yake inazimika yenyewe polepole, kama mtu anayesinzia. Siku ya Jumanne tarehe 10, muuza dagaa mmoja aliyekwisha kudanganywa hivyo jioni tatu hakusubiri. Safari hiyo ilikuwa nyekundu ya kweli. Lori lilikuwa linakuja.

Tukiwa msibani kwa huyo muuza dagaa, kikombe mkononi, mtu mmoja akamuuliza marehemu, "Fundi, taa inaweza kuwaka bila umeme?"

Marehemu, ambaye kwa kawaida hakuwa na utani hata wa dawa, akajibu, "Haiwezi. Labda iwashwe na mchawi."

Mimi nilicheka. Waliokaa mkeka wa jirani hawakucheka. Marehemu hakuwa mtani wa wafiwa, na matangani asiye mtani hana utani. Akisema neno, amelisema.

Kesho yake Ng'wandu, mtemi wa sungusungu, wale walinzi wa jadi wa kijiji, alikuja nyumbani na fimbo yake. Alikataa kiti.

"Fundi, neno lako tumelipokea. Umesema ni mchawi."

"Mtemi, ule ulikuwa utani."

"Kwenye msiba?" Ng'wandu aliielekeza fimbo upande wa njia panda. "Utani wako na wale wafiwa ulianza lini? Na chini ya ile nguzo anakaa nani kila jioni?"

Dada yangu Scolastika aliniambia kwamba siku ile mumewe alikula chakula chote bila kujua alichokula.

Jumapili tarehe 15 tulikwenda kwenye nguzo, mimi na yeye, jua likiwa limeshuka. Jenereta lilikuwa kimya tangu Jumamosi. Hata mbwa hawakubweka, na mimi nafahamiana na mbwa wa Isengwa. Mama Limi alikuwa kwenye kigoda chake. Juu yake taa ilikuwa inawaka.

Marehemu alikata nyaya. Ikaendelea kuwaka. Akapanda ngazi, akafungua kioo, akatoa balbu, akaitia mfuko wa shati, akafunga, akashuka. Tukatazama juu wote wawili.

Ilikuwa inawaka.

Balbu iko mfukoni, naiona imetuna kwenye shati, na kule juu jicho jekundu limetulia bila kupepesa. Hapo nilimshauri tuondoke, kwa ajili ya usalama wake. Mama Limi, ambaye hakuwa ameinua kichwa, akasema, "Donatus, hicho kitu kinanitazama mimi au kinakutazama wewe?"

Akapanda tena. Alisogeza uso wake mbele ya kioo, karibu kabisa, na taa ikazimika. Akautoa uso, ikawaka. Akaurudisha, ikazimika. Nyuma yangu mama mmoja aliyekuwa anapita akapiga yowe: "Inamtii! Inamjua!" Niligeuka nikaona barabara imejaa watu, nilipogeuka tena wote walikuwa wamekimbia.

Marehemu alikuwa amekwisha kuelewa. Ndani ya taa ile, nyuma ya balbu, palikuwa na kioo cha kujitazama kilichopinda kama bakuli, cha kuusukuma mwanga mbele. Jua la jioni liliingia kupitia kioo chekundu, likagonga bakuli, likarudi nje likiwa jekundu. Kichwa chake kilipolizuia jua, ikazimika. Alielezea yote haya akiwa juu ya ngazi, kwa sauti kubwa, akitumia mikono. Tuliomsikiliza tulikuwa mimi, mama yake na karanga.

Ng'wandu alikuja kabla giza halijaingia. "Umewaonyesha watu kwamba inakusikia. Sasa wanasema mmekuwa wawili. Jumapili ijayo tutakusanyika pale. Ikiwaka bila umeme, mama yako hatarudi na wewe nyumbani."

Marehemu alimsihi mama yake arudi Didia usiku uleule. Mama Limi akamwambia, "Ng'wanangu, anayekimbia ndiye mchawi. Wataniandama mpaka Didia. Mimi nitakaa kwenye kigoda changu."

Basi tulikwenda Shinyanga mjini, dukani kwa Altaf Gulamali, aliyeuza redio na vifaa vya umeme. Marehemu aliweka kwenye kaunta ile taa nzima aliyoing'oa, na kioo chake na bakuli lake. Altaf alisikiliza, akatoka nayo nje kwenye jua, akaigeuza geuza mpaka ikawaka mikononi mwake. Akarudi ndani, akairudisha kwenye kaunta.

"Fundi," alisema, "bakuli litoe. Ukilitoa bakuli, balbu inakosa nguvu, sivyo?"

"Ndivyo. Haitaonekana hata hatua kumi."

Altaf akavuta droo, akamwaga kwenye kaunta vitaa vya LED, vile vidogo kama punje ya mtama, ambavyo ninyi mnavijua kwenye redio kaseti vikionyesha kwamba imewashwa. Hivi vilikuwa vikali zaidi, ndugu yake alimletea kutoka Dubai. Aligusisha kimoja kwenye betri. Kilinichoma machoni mchana kweupe.

"Hiki hakihitaji bakuli," alisema. "Kinatupa mwanga mbele chenyewe. Na wekundu umo ndani yake, kwa hiyo mbele weka kioo cheupe. Jua likiingia halina pa kupata wekundu."

Marehemu alianza kueleza jinsi atakavyowafafanulia watu wa Isengwa. Altaf akamkatiza. "Fundi, mimi nauza vitu tangu nikiwa mdogo. Mteja haamini maneno. Mpe ashike."

Wiki ile marehemu alikata bati la duara, akalitoboa matundu mengi, akalipaka rangi nyeusi, akachomeka vile vitaa kimoja kimoja akivichomelea nyaya. Mimi nilishika bati. Bila mimi lingecheza.

Jumapili tarehe 22 Isengwa nzima ilikuwa pale njia panda. Sungusungu walisimama na fimbo upande mmoja, na Mama Limi alikuwa kwenye kigoda, amevaa kitenge chake cha kanisani, mbele yake karanga ambazo hakuna aliyenunua. Taa mpya ilikuwa juu ya nguzo. Jua likashuka, likapiga nguzo, likapiga uso wa mama, likapiga kioo. Nilitazama juu mpaka shingo ikauma. Giza tupu ndani ya kioo. Jua likazidi kushuka, lile la rangi ya damu, na giza likabaki mlemle.

"Umeiua tu," mtu mmoja akasema. "Na ikifa, mwenyewe bado yuko hai." Fimbo zikaanza kusogea.

Marehemu alitoa ile taa ya zamani ndani ya gunia. Haikuwa na waya hata mmoja. Hakuwaeleza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwa Ng'wandu, akamwekea mikononi, akamshika mabega akamgeuza polepole atazame magharibi.

Ikawaka. Mikononi mwa mtemi, nyekundu, ikimulika kidevu chake.

Watu walirudi nyuma. Ng'wandu alibaki amesimama peke yake katikati ya barabara, hawezi kuitupa, hawezi kuishika. Nilimsikia akipumua.

"Mtemi," marehemu akasema kwa upole, "nani ameiwasha?"

Ng'wandu akatafuta waya kwa vidole, hakuupata.

"Geuka upande wangu."

Akageuka. Ikazimika. Akarudi upande wa jua. Ikawaka. Alifanya hivyo mara nyingi, peke yake, kama mtu anayejifunza kutembea. Kisha marehemu aliunganisha nyaya za nguzo kwenye betri ya gari, na kule juu vile vitaa vikawaka vyote kwa pamoja, vingi, vidogo, kama macho ya panya darini. Akachomoa waya. Vikazimika palepale, bila kusinzia.

Ng'wandu aliiweka taa ya zamani chini. Akatembea mpaka kwenye kigoda, akaweka fimbo yake chini pia, akainama.

"Mama, shikamoo."

Mama Limi alimfanya asubiri. Nawaambia alimfanya asubiri. Ndipo akasema, "Marahaba," na kumpimia karanga.

Mama Limi aliishi nasi hadi Februari 1998, akafariki kitandani mwake kwa uzee, akazikwa hapa tuliposimama. Marehemu aliendelea kuitunza taa ile, lakini jioni hakupita tena pale njia panda. Alizunguka kwa nyuma ya shule. Nilimcheka. Akaniambia, "Shemeji, sababu naijua. Mwili wangu ndio haujaambiwa."

Marehemu alianza kuumwa kifua Januari 1999. Alitibiwa Geita, kisha Shinyanga, ambako Scolastika hakutoka kando ya kitanda chake. Alifariki Jumamosi tarehe 14 Agosti 1999, saa za jioni, akiwa na umri wa miaka hamsini, na leo Jumanne tarehe 17 tunamrudisha Didia. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, na shemeji mmoja hodari ambaye hamtampata mwingine. Familia inamshukuru Bwana Altaf Gulamali, na mzee Ng'wandu aliyetoka Isengwa na wenzake, ambao ndio watakaobeba jeneza. Alale kwa utulivu, mahali ambapo jua halimpigi machoni.

Nimebakiza jambo moja, la namna alivyotuaga. Jumamosi ile nilikuwa nimekaa kitandani pake nikimsimulia mgonjwa wa jirani habari za Isengwa, nikidhani marehemu amelala. Nilikuwa nimefika pale mama aliposema marahaba. "Basi bwana," nikasema, "hapo hapo ile taa mpya ikalia! Ikalia kama mtoto, kijiji kizima kilisikia, na mimi mwenyewe kwa masikio yangu nili—"

Marehemu akafungua jicho moja. Maneno yake ya mwisho nimeyaandika mpaka pale pumzi ilipomwishia, sikuongeza kitu.

"Shemeji, acha uongo. Taa haikulia. Aliyelia ni mi