Halfani Mujibu na Pipa Ambalo Hakuliachia

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Mzee Halfani Mujibu, ambaye wengi wetu tunamwita Baba Somoe, atarudisha funguo za chumba cha mafuta na kustaafu. Ametumikia kiwanda chetu cha korosho hapa Masasi kwa miaka ishirini na minane na miezi tisa. Aliajiriwa Septemba 1996, na muda wote huo kazi yake ilikuwa moja: kuhamisha mapipa kwa toroli.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu nimefanya naye kazi muda mrefu, na kwa sababu huwa naandika mambo ya kila siku kwenye daftari. Msimu huu umetuchosha sote, kwa hiyo mnisamehe nikichekesha kidogo tu. Tena kuna jambo la kusahihisha. Katika jalada la Baba Somoe mna ajali moja, na imeandikwa isivyokuwa. Nataka isomwe ilivyokuwa kabla hajatoka getini.

Alizaliwa Chilangala, Newala, kwenye nyumba yenye pipa moja la maji ya mvua. Anasema huko ndiko alikojifunza kuheshimu pipa, kwa sababu likimwagika, mtu anashuka bondeni kuchota na kupanda tena na ndoo kichwani.

Mapipa yetu ni ya mafuta ya maganda ya korosho. Ni meusi, yananata, yakikugusa ngozi inababuka. Pipa lililojaa lina zaidi ya kilo mia mbili. Baba Somoe hakuwahi kushindana nalo kwa nguvu. Kwanza alilizunguka kuangalia kama linavuja, kisha akaligonga kwa kifundo cha kidole chini, katikati na juu. Pipa lililojaa ni bubu kote. Lililojaa nusu linalia juu, na hilo ndilo aliloliogopa zaidi, kwa sababu mafuta yanatembea ndani na kuhamisha uzito. Baada ya hapo aliingiza ulimi wa toroli chini, akanasa ukingo kwa ndoano, akafunga mkanda, akaweka mguu kwenye ekseli na kuvuta taratibu mpaka pipa likakaa sawa juu ya magurudumu.

Wageni wa kazi aliwapa pipa tupu kwa wiki nzima, na bakuli la maji juu yake. Aliyemwaga alikwenda kuwaletea wenzake uji. Alfredi, ambaye leo ndiye fundi wetu wa mashine, alileta uji siku tano mfululizo. Siku ya sita akamtania mzee kwamba analibembeleza pipa kama bibi harusi. Baba Somoe akajibu bila kuinua kichwa, "Bibi harusi akikuangukia utapona."

Kwenye mteremko wa saruji, unaoshuka kutoka ghalani hadi uwanjani, alikuwa na sheria mbili. Mtu hukaa juu, pipa chini, na hakuna anayesimama mbele yake. Na pipa likikuponyoka, liachie. Mafuta yatazolewa, mguu hauzolewi.

Sasa ajali yenyewe. Ni Jumanne, tarehe 14 Novemba 2017, saa kumi jioni. Lori lilikuwa linasubiri uwanjani na mapipa kumi na moja yalikuwa hayajashushwa kupakiwa. Kazi yangu, kama karani wa ghala, ilikuwa kugonga kila pipa na kulitia alama ya chaki lililojaa. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Nikayatia chaki yote bila kuyagonga. Baba Somoe alipotaka kuyagonga mwenyewe, nilimwambia nimeshagonga, yote yamejaa. Akaniamini. Kisha nikashuka mteremko na kusimama chini, mgongo nimeuelekeza kwake, nikihesabu.

Pipa la nne lilikuwa nusu. Katikati ya mteremko mafuta yalikimbilia mbele na toroli likamvuta. Angeliachia, kama alivyomfundisha kila mtu, lingenifikia mimi. Hakuliachia. Aligeuza toroli ukutani, na bega lake la kulia likabaki kati ya pipa na ukuta.

Jioni ile hospitalini, Rahima, mke wake, alikuwa anamlisha kwa kijiko. Nilisema nitaandika ukweli. Baba Somoe akaniambia, "Mama Flora, wewe una mkataba wa msimu. Mimi nimeajiriwa." Taarifa aliyoitoa kesho yake ilisema: mhusika alichoka, akapoteza usawa wa mwili. Hakuna jina langu.

Mwaka uliofuata nafasi ya msimamizi wa ghala ilikuwa wazi, na jina lake lilikuwa la kwanza. Kamati ya ajira ilisoma taarifa ile, ikachagua mtu mwingine. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari wa kikao. Katika daftari langu siku hiyo kuna neno moja: nimenyamaza. Baba Somoe alirudi kwenye toroli, akaendelea kwa bega lisiloinuka kupita sikio, na hakuacha kuitikia shikamoo yangu.

Wiki iliyopita nilimsomea maneno haya katika chumba cha mafuta, amekaa juu ya pipa tupu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Yaache hivyo. Ila andika pia kwamba nilikuwa nimechoka. Hilo nalo lilikuwa kweli."

Nimeliandika. Nakala ya wasifu huu, pamoja na sahihi yangu, nimeipeleka kwa meneja iwekwe katika jalada lake, juu ya taarifa ile.

Baba Somoe, tunakushukuru kwa vidole vyetu kumi vya miguu. Rudi Chilangala, wewe na Mama Somoe, ukapumzishe bega. Tunakuombea siku ndefu na nyepesi, na kila pipa utakalolikuta huko liwe la maji.

Dorika Ambrosi (Mama Flora)
Karani wa ghala