Nguo ya Kulalia Angani na Kushukia kwa Mkwe

Benchi lenyewe lilitengenezwa kwa mbao za kitanda kilichovunjika, nalo lilikaa kwenye kona, kati ya kinyozi na duka la vipuri vya baiskeli, mahali ambapo kivuli cha ukuta kikifika alasiri hakiondoki tena. Mwenye benchi alikuwa mjane wa makamo ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa limekwisha kusahaulika. Mtaa mzima ulimwita Mama Birika, kwa ajili ya kahawa aliyoichemsha kutwa juu ya jiko la mkaa. Wateja wake wa kudumu walikuwa watatu. Kamusi, karani mstaafu wa mahakama, alisahihisha maneno ya watu hata walipokuwa wanalia. Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, alikuwa na ulimi mkali kuliko vifaa vyake vya kazi. Na Tani, mbeba magunia, alikaa katikati siku zote ili benchi lisiinuke upande mmoja. Siku hiyo walikuwa wamekwisha kunywa kikombe cha kwanza pale Mama Birika alipotoa simu kwenye mfuko wa aproni na kuwaambia kwamba ana jambo.

— Mwanangu kaniandikia, alisema. Nimesoma mpaka macho yanawasha. Kamusi, hebu nisomee wewe, labda kwa sauti yako yatakuwa na maana nyingine.

Kamusi alivaa miwani, akasafisha koo kama anayesoma hukumu.

— "Mama, tiketi tayari. Ndege inaondoka jioni, inaruka usiku kucha, unatua asubuhi. Vaa nguo za starehe, lakini za heshima, maana mkweo ndiye atakayekupokea, na mtakwenda moja kwa moja ukumbini kwenye harusi."

— Hongera, Mama, alisema Tani.

— Hongera nimeshapokea za kutosha. Nataka kujua navaa nini.

— Si imeandikwa hapo? Wembe alidakia. Nguo za starehe.

— Lakini za heshima, alisema Kamusi, na kidole kikapanda juu. Kesi iko hapo kwenye "lakini". Kijana angeandika "na", mimi ningekuwa nimeshamaliza kahawa yangu. "Lakini" maana yake starehe na heshima hazilali kitanda kimoja.

— Na huyo mkwe ni mtu wa namna gani? aliuliza Tani.

Mama Birika alichochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

— Mama wa bibi harusi. Hakimu, alisema.

Kamusi alivua miwani yake.

— Nimefanya kazi chini ya mahakimu maisha yangu yote, alisema taratibu. Hakimu akikuona unaingia mlangoni, ameshakuhukumu viatu. Mdomo wako ni rufaa tu.

Maneno hayo yalimwingia Mama Birika kuliko alivyotaka waone. Mwanamke yule alikuwa amesalimiana naye mara moja tu, kwa video, kwenye simu ya mwanawe, kila mmoja akijibu "nzuri" na "salama" kwa sauti ya mtu aliyevaa nguo mpya. Alichokibakiza kichwani ni miwani ya fremu nyembamba na shingo iliyonyooka. Mwanawe hakuwahi kumwonea haya mamaye, alilijua hilo. Lakini hakuwahi pia kumsimamisha mbele ya hakimu.

— Sikilizeni, alisema Wembe. Ndegeni huulizwi jina, unaangaliwa kola. Mama, lile gauni lako la zambarau liko wapi?

Lilikuwa hapo hapo, ndani ya mfuko, kwa kuwa alipanga kulipitisha kwa fundi cherehani. Alilitoa. Lilikuwa la satini, limebana kiunoni, na zipu ndefu mgongoni. Tani alifuta mikono kwenye suruali yake ingawa hakuna aliyemwambia aliguse.

— Hilo ndilo, alisema Wembe. Na viatu vya kisigino. Unapanda nalo, unashuka nalo, mkwe anapiga saluti.

— Na mikunjo je? aliuliza Kamusi.

— Mikunjo gani?

Kamusi alichukua ncha ya mkono wa gauni, akaifumbata kwenye ngumi, akanywa kahawa yake mpaka chini, halafu akafungua kiganja. Satini ilitoka imefinyana kama uso wa mtu aliyeramba ndimu.

— Hiyo ni kahawa moja, alisema. Piga hesabu usiku kucha.

— Utalipiga pasi wewe, Mama Birika alimwambia, akimnyang'anya gauni lake.

Tani alijisogeza mbele. Alikuwa anangoja zamu yake, kwa maana yeye ndiye pekee pale aliyewahi kuigusa ndege. Alifanya kibarua uwanja wa ndege enzi za ujana, akipakia mizigo, na aliijua ndege kwa upande wa tumbo.

— Nyinyi mnaongea mikunjo, tatizo ni baridi. Mle ndani kuna baridi, wapendwa. Siku moja nilipakia tikiti maji, likashushwa limekuwa jiwe.

— Mama hasafiri na matikiti, alisema Wembe.

— Ndege ni ile ile. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo unavaa zote. Ndani kabisa gauni la harusi, juu yake sweta, juu ya sweta gauni la kulalia, juu yake koti. Ukikaribia kutua unajimenya kama kitunguu. Mkwe anakutana na kiini.

— Na abiria wa pembeni anatokwa na machozi, alisema Kamusi. Tani, wewe hata jambo kubwa zaidi hulijui. Kule juu hewa ni nyepesi. Mwili unaumuka kama unga wa mkate. Ndiyo maana ya ule msemo, mtembezi hula miguu yake. Wahenga walijua miguu inavimba safarini.

— Msemo huo haumaanishi hivyo, alisema Mama Birika.

— Unamaanisha hivyo ukiwa angani. Sasa ukipanda na vifungo, vitaruka kama bisi. Mimi nashauri kitu kisicho na kifungo, kisicho na zipu, kisicho na mshipi. Shuka.

— Shuka la kitandani?

— Shuka safi. Linalofungwa kwa adabu.

Mama Birika alicheka mpaka akaweka birika chini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ujumbe uingie, nao walipoona amecheka wakapandwa na mori, kila mmoja akitaka kumzidi mwenzake. Wembe alisema dawa ni kusimama chooni usiku kucha, maana mtu aliyesimama hakunji nguo, na tena maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, kwa hiyo asivue hata soksi. Tani alisema alivae gauni nyuma mbele wakati wa kulala, halafu aligeuze akifika.

— Si mikunjo yote ya makalio itakuja mbele? aliuliza Wembe.

— Itakuja, ila mkwe atadhani ni mtindo.

— Haya tufanye majaribio, alisema Kamusi. Tunabishana gizani. Mama, njoo ukae.

— Nikae wapi?

— Hapa. Benchi ndiyo ndege.

Kumbe miaka yote aliyokuwa na benchi lile, Mama Birika hakuwahi kulikalia. Kila siku alikuwa amesimama upande wa jiko. Alifuta mikono kwa aproni akaketi, Kamusi kushoto, Tani kulia, akabanwa mpaka mabega yakapanda masikioni. Wembe alikaa mbele yao juu ya kigoda akawaegemea magotini, akisema yeye ni kiti cha mbele na kimelala.

— Sasa lala, alisema Kamusi.

Alifumba macho. Alisikia Tani akijitahidi kupumua kidogo ili asimsukume. Na pale gizani nyuma ya kope hakuiona ndege wala mawingu. Aliuona mlango wa kioo ukifunguka, watu wakitoka na masanduku yao, na mwanamke mwenye shingo iliyonyooka akimwangalia kuanzia chini kwenda juu, halafu akigeuka kumtazama mwanawe kwa upole, ule upole wa kumhurumia mtu. Alifumbua macho.

— Nisipokwenda je? alisema.

Hakuna aliyecheka. Wembe aliondoa mgongo wake magotini mwao.

— Usipokwenda utatutazamaje sisi usoni? alisema. Kona hii yote inapanda ndege nawe, Mama.

— Ndilo jambo linalonitisha. Nikishuka pale nimekunjamana, nimewashusha na nyinyi. Na yule mtoto ataanza ndoa yake kwa kunitetea.

Wakati huo huo akatokea mtu pembeni, amefungwa shuka jeupe shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa safi na wa pili una nywele zake zote. Alikuwa mgeni mtaani. Hakuna aliyewahi kumwona.

— Samahani, alisema. Kuna kinyozi aliniambia anakwenda kutafuta betri.

Wembe alitazama mawinguni.

— Nakuja, ndugu. Hapa kuna dharura ya kifamilia.

Mgeni alisimama akasikiliza, na kwa kuwa mtu mwenye kichwa nusu hana pa kwenda, walimsimulia yote: ndege, hakimu, satini, kitunguu, shuka. Alisikiliza hadi mwisho, akijikuna upande wenye nywele.

— Na huyo mkwe, aliuliza, yeye atavaa nini?

Walitazamana. Tani alimtazama Kamusi, Kamusi akamtazama Wembe, Wembe akalitazama shuka lake shingoni mwa mteja.

— Hilo, alisema Kamusi, halimo kwenye ujumbe.

— Basi si aulizwe?

Mama Birika alikuwa na namba. Mwanawe alimpa siku ile ya salamu na hakuwahi kuipiga, maana humpigii hakimu bila sababu, na mtu hatafuti sababu ya kumpigia hakimu. Aliinuka kutoka kwenye benchi, akarudi upande wake wa jiko, akapiga akiwa amesimama. Simu iliita muda. Halafu ikapokewa na mtu anayehema.

— Mkwe, alisema Mama Birika, samahani kama nimekukuta kazini.

— Kazini wapi, mkwe wangu. Niko chumbani, nimezungukwa na nguo kama nimevamiwa na wezi. Nilikuwa nataka kukupigia nikaogopa.

— Ukaogopa nini?

— Mwanao anakusifu sana. Mama yangu msafi, mama yangu hodari, mama yangu akiingia mahali watu wanajirekebisha. Nimejaribu gauni la tatu tangu asubuhi. Kila moja nikilitazama nasema, na hili nalo atalionaje?

Mama Birika alikaa juu ya gunia la mkaa bila kuangalia kama ni safi.

— Mimi nina la zambarau, alisema, lakini linakunjamana. Na safari ni usiku kucha.

— Usilivae ndegeni. Unajitesea nini? Liweke kwenye begi la mkononi, vaa kitu kipana ulale zako vizuri, viatu vya chini. Pale ukumbini kuna chumba, na pasi ipo, nimeshaulizia. Tutavaa wote wawili humo. Utanifunga zipu, na mimi nitakufunga yako, maana mume wangu kila akifunga zipu ananibana ngozi.

Waliongea mpaka makaa yakaanza kufifia, na mengi waliyoongea hayakuhusu nguo. Alipokata simu, watu wanne walikuwa wanamsubiri, na mmoja wao bado ana nywele upande mmoja.

— Nalitia kwenye begi, alisema.

— Hilo la begi, alisema Kamusi, nilikuwa nakaribia kulifikia.

— Ulikuwa kwenye shuka, alisema Tani.

— Kutoka kwenye shuka kwenda kwenye begi ni hatua ndogo.

Mama Birika aliinua birika kuwamiminia, likatoa tone moja na mvuke.

Siku ilipofika, alisafiri na gauni pana la pamba, la rangi ya udongo, sweta begani na viatu vya chini. Baridi ilikuwepo, Tani hakuwa mwongo kabisa. Miguu ilivimba pia. Alilala mdomo wazi begani kwa mwanamume asiyemjua, akaamka mwanga umejaa dirishani, akamwomba radhi, na yule bwana akamwambia hata yeye alilala. Mlango wa kioo ulipofunguka alitafuta shingo iliyonyooka akaikosa, kwa sababu mwenye shingo alikuwa ameinama, anavaa kiatu alichokuwa amekivua kwa kuchoka kusubiri. Walikumbatiana kiatu kikiwa bado mkononi.

Kwenye kile chumba cha ukumbini zipu ya hakimu ilikwama katikati ya mgongo. Mama Birika aliipaka sabuni kavu, akamwambia avute pumzi, nayo ikapanda. Kisha akageuka naye afungwe. Walikuwa bado hivyo, mmoja mgongoni kwa mwenzake, wakicheka jambo ambalo baadaye wote wawili walilisahau, mlango ulipogongwa na sauti ya kijana ikaita kutoka nje:

— Mama?

— Abee, waliitika wote wawili.