Mama Kaboni na Ahadi ya Saa Nane

Marehemu mama yetu, ambaye nusu ya mliofika hapa mnamjua kwa jina la Mama Kaboni, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi wa reli na mshonaji. Alianza shule mwaka 1957, na mwaka 1969 akahitimu chuo cha uhazili akipiga chapa maneno sitini kwa dakika bila kuangalia vidole.

Mwaka 1970 aliajiriwa ofisi ya maji, akakaa hapo miaka thelathini na tisa. Jina la Kaboni alilipata kwa sababu hakuna karatasi iliyotoka mezani kwake bila yeye kubaki na nakala ya karatasi ya kaboni. Nakala moja aliileta nyumbani. Ilikuwa hotuba ambayo meneja alimsomea mwaka 1971 aiandike kwa hatimkato, kuhusu ofisi ya mwaka 2000. Kila mfanyakazi angekuwa na taipureta yenye kioo kama cha televisheni. Barua ingefika kabla mwandishi hajainuka kitini, makabati ya karatasi yangetupwa, na mkubwa angeongea na watu wake akiwaona, hata akiwa mji mwingine. Na kwa kuwa mashine zingebeba kazi nzito, watu wangetoka saa nane mchana. Mama aliamini yote. Kila lililotimia aliliwekea alama ya vema kwa penseli nyekundu.

Aliolewa tarehe 6 Desemba 1975 na fundi wa taipureta. Baba aliitwa kutengeneza herufi "a" iliyokuwa ikikwama, akarudi kwa herufi hiyohiyo mara nne mwezi mmoja. Shangazi anasema ilipona siku ya kwanza. Walijaliwa watoto watatu, nami ninayesoma ni kitindamimba. Baba alitutangulia mwaka 2006.

Kompyuta ilimfikia mama mwaka 1991, akaifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Barua pepe zilipoanza, alichapa kila moja, akaitoboa na kuiweka kwenye faili, na ofisi isiyo na karatasi ikahitaji kabati la tatu. Mstari wa makabati haukupata alama. Sisi watoto tulingoja ule wa saa nane, maana alituahidi, na ahadi ni deni. Tarehe 3 Januari 2000, siku ya kwanza ya kazi, nilipika chakula cha mchana cha watu wawili. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nilipaswa kujua. Alirudi saa moja na nusu jioni kwa sababu mashine mpya zilikuwa zimegoma. Alikula chakula kile kikiwa baridi, akasifu chumvi. Nilimkasirikia sana, na leo nakiri hivyo mbele yake.

Alistaafu mwaka 2009. Moyo ulianza kumsumbua Agosti 2022, akalazwa mara tatu. Nilimuuguza nikiwa na kompyuta mapajani, niko kikaoni, mkubwa wangu akiwa kwenye kioo. Siku moja mama alimtazama yule bwana mpaka kikao kikaisha, kisha akaniagiza nimletee karatasi yake ya ile hotuba. Aliuwekea alama mstari wa mkubwa anayeonekana kutoka mji mwingine. Penseli ikashuka hadi mstari wa mwisho, ikasimama.

"Huyo bwana anakuachia saa ngapi?" aliniuliza.

"Haniachii, mama."

"Basi mimi mnizike saa nane. Mkitoka hapo nendeni nyumbani. Nyumbani kweli, si na hiyo mapajani."

Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, nikiwa nimemshika mkono. Kompyuta niliiacha kwenye gari.

Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja na makabati matatu yaliyojaa. Aliyepanga ratiba mliyoshika aliomba tusogeze maziko hadi saa tisa, tukakataa. Penseli nyekundu ninayo hapa mfukoni. Leo, kwa mara ya kwanza, mama anatoka saa nane.

Apumzike kwa amani, nasi twende nyumbani.