Damu Tuliyomsingizia Praxeda

Wazee wetu, shikamooni, nanyi ndugu waombolezaji, poleni na safari, mimi ni Beatrisi, pacha wa marehemu, na ukoo umenituma niwasomee maisha yake, ingawa kwa niliyomtendea ningestahili kukaa nyuma kabisa.

Praxeda Tadeo alizaliwa tarehe 14 Machi 1930, katika kambi ya shamba la mkonge karibu na Pangani, nusu saa baada yangu, nasi tulifanana hata mama akatufunga nyuzi za rangi mbili mikononi. Mwaka 1934 baba yetu alimpiga nyapara hadi kumuua, akahukumiwa, akafia gerezani, mama naye akafariki kwa homa mwaka uliofuata, ndipo tukagawanywa, mimi nikachukuliwa na mama mdogo aliyeishi mjini, Mabawa, Praxeda akabaki kambini kwa mjomba.

Mimi nilianza shule mwaka 1938, na sikutoka mpaka nilipokuwa mwalimu. Marehemu alisoma mwaka mmoja tu, 1939, kwani alimng'ata mwenzake aliyemtukana baba, na mjomba akamtoa akisema, "Damu ya Tadeo hiyo, haisomesheki." Mwaka huohuo mimi nami nilimng'ata mtoto wa jirani, mama mdogo akanikalisha jikoni, akanimenyea chungwa, akaniuliza kisa changu mpaka hasira ikaisha, wala hakuna aliyeitaja damu.

Tangu 1944 marehemu alikuwa akianika singa, yaani nyuzi za mkonge, mwaka 1950 akafunga ndoa na Ernesti, mkata mkonge, na mwaka uliofuata wakajaliwa binti yao, Ruthi. Ernesti yupo hapa, naye anasema hakuwahi kumsikia mkewe akimpandishia mtoto sauti.

Juni 1955 nyapara mmoja alimshika kwa nguvu, marehemu akamsukuma, yule akaanguka na kuvunjika mkono, marehemu akafukuzwa kazi, na habari zikafika Mabawa kabla yake. Alipobisha hodi kwangu alikuwa anakohoa, akaomba alale wiki mbili awe karibu na hospitali, nami nikaogopa majirani wasije wakajua baba yetu alikuwa nani, nikamwambia, "Damu ya baba imekuangukia wewe, usiniletee hapa."

Akaniuliza, bila ukali wowote, "Na wewe, Beatrisi, yako ilitoka wapi?"

Nikafunga mlango.

Alirudi Pangani, asipate matibabu hadi Februari 1957, kifua kikuu kikiwa kimekwisha kumla mapafu, na tarehe 9 Agosti akafariki akiwa na miaka ishirini na saba.

Tunamshukuru daktari, ambaye hakunificha kwamba angeletwa mapema pengine angepona, na wauguzi wote, na jirani yake Mwanasiti, aliyempikia uji kila asubuhi, kazi iliyokuwa yangu, na wanawake wa singa waliomwosha, na walimu wenzangu mliokuja kunifariji, ambao leo ndiyo mara ya kwanza mnasikia kwamba nilikuwa na pacha.

Praxeda, ndugu yangu, nisamehe, upumzike kwa amani.