Kifua cha Mvule

— Laki tatu, Pindo! Laki tatu taslimu, na wewe umekwenda kuupima mti kama unaushonea koti!

Aliyekuwa akipayuka ni Mizani, muuza nyama, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mizani yake haijawahi kumpunja yeye. Kwenye benchi la kahawa, kando ya duka la baiskeli, alikuwapo pia Muhuri, karani mstaafu, mfupi kiasi kwamba akisimama watu humkaribisha kiti. Wa tatu ni Pindo mwenyewe, fundi cherehani mwenye hasira za karibu. Ofisi ya mtaa ilikuwa inatafuta mti wa asili mkubwa kuliko yote. Mwenye mti angepewa laki tatu, na mti wenyewe ungepigwa kibao usiguswe na msumeno. Mizani alikuwa na mkuyu nyuma ya bucha. Pindo alikuwa na mvule, mali ya marehemu baba yao, yeye na kaka yake. Na kaka mtu alishapata mnunuzi wa mbao kwa laki tatu hizo hizo. "Lete za ofisi, mti ubaki," alimwambia. "Nakungoja mpaka Ijumaa." Leo Alhamisi.

— Tangazo linasemaje? Muhuri, wewe uliyesoma, soma.

— "Mzingo upimwe kwenye usawa wa kifua." Nukta.

— Ahsante. Na kifua kiko wapi? Chini ya makwapa! Matawi ndiyo mikono. Nikaazima ngazi, nikapanda mpaka makwapani, nikazungusha futi. Sentimita mia tatu na nane. Miaka ishirini na mbili nashona, leo muuza maini anifundishe kifua!

— Kifua cha mtu, we fundi! Cha anayepima!

— Imeandikwa wapi?

Muhuri akaifungua karatasi, akaifunga. Haikuandikwa.

— Haya, Mizani, wewe ulipima kwa kifua cha nani? Maana chako na tumbo vimehamia nyumba moja.

— Nilimtumia Muhuri.

— Huyu?

— Mkuyu wangu una makalio makubwa. Ukipima juu unaudhulumu. Kifua cha Muhuri kikaangukia pazuri.

— Tena nilikuwa nimekaa, akasema Muhuri, kwa upole wa mtu aliyelipwa kilo ya utumbo. Sentimita mia sita na arobaini.

— Umekaa!

— Kwenye kigoda. Tangazo halikusema mpimaji asimame.

— Si ungelala kabisa, mpime na mizizi!

— Tulilifikiria hilo, akajibu Mizani bila haya. Futi likawa fupi.

Mama wa kahawa, aliyekuwa akimimina tu, akauliza:

— Fundi, kwani huko makwapani mti si mwembamba kuliko chini?

Pindo akanywa kahawa ambayo haikuwamo kikombeni. Alijua. Alijua tangu alipotoka ofisini, akarudi mtini na kulizungusha futi tena usawa wa kifua chake mwenyewe, kimyakimya, likasoma mia tano na kumi na mbili. Lakini fomu alishaijaza kwa wino, na mbele ya karani wa ofisi alishatoa somo zima la makwapa.

— Unaweza kujaza nyingine, akasema Muhuri. Mwisho kesho jioni, na mshindi anatajwa hapo hapo. Ila kuna mahali pa kuandika sababu. Utaandika ulikosea.

— Mimi sijakosea!

— Basi andika mti umenenepa.

Benchi likatikisika kwa kicheko. Pindo akasimama, akalivuta futi shingoni kama anataka kujinyonga nalo.

— Nitaandika nimekosea. Kwa mkono wangu. Na wewe Mizani utapima upya, mbele yangu, miti yote miwili kwa kifua kimoja. Changu.

— Kifua chako kina nini cha ajabu?

— Hakijalipwa utumbo.

Hapo nyuma yake alishafika kaka yake, na pamoja naye jamaa aliyebeba msumeno wa injini begani, unanuka petroli.

— Umeshinda? akauliza kaka.

Mizani akatazama ndani ya kikombe chake. Muhuri akaikunja karatasi mara nne. Mama wa kahawa akaanza kuosha vikombe safi.

— Nakuuliza, mdogo wangu. Umeshinda, hujashinda?

— Leo Alhamisi, kaka.

— Msumeno nimeukodi leo.

— Sikukuuliza habari za msumeno. Ulisema Ijumaa. Nakudai siku moja. Nipe.